Hatifungani: Tukisema haramu, tuseme na halali iko wapi

 

Ndugu msomaji, wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Sisi tunaosomesha dini tumezoea kuonyesha makosa ya watu: ya wenye mabenki, ya wanasiasa, ya vijana wa mitaani. Leo ni zamu yangu.

Miaka michache iliyopita, baada ya darsa la akina mama ambalo tunalifanya Jumamosi baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alikuwa ametoka eda miezi kadhaa nyuma. Mumewe, Allah amrehemu, alikuwa ameacha nyumba na akiba kidogo. Mirathi ilikwishagawanywa kisheria, na fungu la watoto watatu katika zile fedha taslimu lilikuwa shilingi milioni 21: mtoto wa kiume milioni 10 na nusu, na mabinti wawili kila mmoja milioni 5 na robo.

Akaniambia: "Ustadh, shemeji yangu anasema fedha za watoto tununue hatifungani ya Serikali ya miaka mitano. Anasema hazipotei, na kila miezi sita watoto watapata ada ya shule. Mimi moyo wangu unasita. Dini inasemaje?"

Nikamjibu kwa dakika moja. Nikamwambia hiyo ni riba, riba ni haramu, mche Allah na usiwalishe mayatima moto. Akauliza: "Sasa nikaziweke wapi, Ustadh?" Nikasema Allah atamfungulia mlango, nikatafuta viatu vyangu, nikaondoka. Nilikuwa nawahi somo jingine kabla ya Magharibi.

Alirudi baada ya miaka miwili. Fedha zile alizitoa benki, akampa ndugu wa ukoo aliyekuwa akiuza vipuri vya magari, kwa maneno ya barazani tu: "Tutagawana faida." Hapakuwa na maandishi wala shahidi. Miezi minne ya mwanzo aliletewa kidogo kidogo, kisha simu ikawa haipokelewi. Mama yule hakuja kunilaumu. Alisema kwa upole kabisa: "Ustadh, uliniambia nisiingie kule, nikaacha. Hukuniambia niingie wapi."

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa na deni. Makala hii ni sehemu ya kulilipa.

Fatwa nusu

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi kwamba nilichomwambia kuhusu riba kilikuwa uongo. Kilikuwa kweli, lakini kilikuwa nusu ya jibu, na nusu ile niliyoiacha ndiyo iliyowagharimu mayatima.

Tuangalie Qur'an Tukufu inavyofundisha. Katika Suratul Baqarah, aya ya 275, wanatajwa watu waliodai kuwa biashara na riba ni kitu kimoja. Allah (SW) akawajibu kwa kuvitenganisha: biashara ameihalalisha, riba ameiharamisha. Zingatia mpangilio huo. Mlango wa halali umetajwa kwanza, kisha ule wa haramu ukafungwa. Mimi niliufunga mmoja bila kuuonyesha mwingine.

Na mali ya yatima ina hukumu zake. Katika Suratul An'aam, aya ya 152, tumekatazwa kuisogelea isipokuwa kwa njia iliyo bora kabisa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 10, anayeila kwa dhulma anaambiwa kuwa anakula moto tumboni mwake. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (RA) aliwahimiza wasimamizi wafanye biashara kwa mali za mayatima ili zisije zikaliwa na Zaka. Maana yake ni kuwa kuifungia mali ya yatima sandukuni mpaka iishe thamani si uchamungu. Msimamizi anatakiwa ahangaike, lakini ndani ya mipaka.

Basi mwalimu anayeulizwa swali kama lile hana budi aijue hatifungani ni nini, ziko za aina gani, na badala yake ni nini. Mimi nilikuwa na digrii ya Chuo Kikuu na nimesoma fiqhi kwa masheikh, lakini ningeulizwa siku ile tofauti ya hatifungani na hisa ningebabaika. Nilikuwa nimehukumu kitu ambacho sijakitazama. Ikabidi nikakae chini kama mwanafunzi, mbele ya kijana mmoja, Mwislamu, anayefanya kazi kwa madalali wa soko la hisa. Alinifundisha kwa subira, na yafuatayo mengi nilianza kuyaelewa kwake.

Hatifungani ni nini?

Hatifungani ni karatasi ya deni. Serikali au kampuni inahitaji fedha, inakopa kwa watu wengi kwa mara moja, na kila mkopeshaji anapewa hati inayosema: tumekopa kwako kiasi hiki, tutakulipa nyongeza hii kila baada ya muda huu, na siku fulani tutakurudishia fedha yako yote.

Tuchukue mfano. Tuseme mtu amenunua hatifungani ya shilingi milioni 10, ya miaka mitano, kwa asilimia 12 kwa mwaka. Kila miezi sita atapokea shilingi 600,000. Katika miaka mitano atapokea mara kumi, jumla shilingi milioni 6. Mwisho atarudishiwa milioni 10 zake. Katika muda wote huo hajamiliki jengo, gunia wala gari. Amekopesha milioni 10 na atapokea milioni 16, na yote hayo yalijulikana tangu siku ya kwanza.

Hapa ndipo tofauti na hisa inapoonekana. Mwenye hisa ni mshirika katika kampuni: ikipata anapata, ikikosa anakosa. Mwenye hatifungani ni mkopeshaji tu. Kampuni ipate au ikose, yeye anadai.

Aina zake

Watu wengi wanadhani hatifungani ni kitu kimoja. La, ziko za sura nyingi, na ni vizuri tuzijue ili tusidanganyike na majina.

Kwanza, ziko dhamana za Serikali za muda mfupi. Hapa kwetu Benki Kuu imekuwa ikiziuza kwa mnada kwa siku 35, 91, 182 na 364. Hizi hazitajwi riba, ndiyo maana baadhi ya Waislamu wanadhani ni salama. Utaratibu wake ni kuwa unanunua kwa bei pungufu. Unatoa, tuseme, shilingi 920,000 leo, na baada ya siku 364 unalipwa milioni moja. Ile 80,000 ni nini kama si nyongeza juu ya mkopo?

Pili, ziko hatifungani za Serikali za muda mrefu. Zimekuwa zikiuzwa za miaka 2, 5, 7, 10, 15 na 20, na mwaka 2021 ikaanzishwa ya miaka 25. Hizi zina malipo ya kila miezi sita kama katika mfano wetu. Ndizo anazoshauriwa zaidi mstaafu aliyepata kiinua mgongo, kwa sababu Serikali si rahisi kushindwa kulipa deni kwa fedha inayoitoa yenyewe.

Tatu, ziko za makampuni, mabenki na mashirika. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani yake, ambayo inaitwa ya kijani kwa kuwa fedha zake ni za mradi wa maji na mazingira, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 50. Kazi yenyewe ni njema, nani asiyetaka maji? Lakini wema wa kazi haubadilishi mkataba. Anayekopesha kwa nyongeza ili kisima kichimbwe bado amekopesha kwa nyongeza.

Nne, ziko ambazo hazilipi kitu katikati, bali zinauzwa kwa bei ya chini sana na kulipwa zote mwishoni. Tano, ziko zinazoweza kugeuzwa hisa baadaye, lakini mpaka zigeuke ni mkopo. Sita, ziko zenye bahati nasibu, kama zile Premium Bonds za Uingereza zilizoanza mwaka 1956, ambazo badala ya kumlipa kila mmoja riba, ile riba inachezewa kura na wachache wanajishindia. Hizi zimebeba harufu ya vitu viwili, riba na kamari.

Na jambo hili si la matajiri peke yao tena. Jirani zetu Kenya, mwaka 2017, walianzisha hatifungani inayoitwa M-Akiba, ambayo mtu aliweza kuinunua kwa simu ya mkononi kwa shilingi 3,000 tu za Kenya. Yaani mama muuza mboga sasa anafikiwa hapo hapo alipo kwenye genge lake. Sisi walimu tukisema mambo haya ni ya wachumi, tutakuwa tumewaacha watu wetu peke yao.

Wanazuoni wamesemaje?

Majma'a ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah, ambayo ni baraza la wanazuoni kutoka nchi nyingi za Kiislamu, ilikaa mwezi Machi 1990 ikalijadili jambo hili kwa upana. Ikaamua kuwa hatifungani zinazomlazimu mtoaji kulipa kiasi cha mkopo pamoja na nyongeza ni haramu kuzitoa, kuzinunua na kuziuziana, sawa mtoaji awe Serikali au kampuni. Ikataja kwa majina hata zile zinazouzwa kwa bei pungufu, na zile zenye zawadi za kura.

Nitakuwa mwizi wa elimu nikificha kwamba wako waliosema vingine. Mwaka 1989 aliyekuwa Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alizihalalisha hati za uwekezaji za nchi yake, akiziona kuwa ni muamala mpya wenye manufaa kwa pande zote. Wanazuoni wengi walimjibu, na uamuzi ule wa Majma'a ulikuja mwaka mmoja baadaye. Mimi niko pamoja na walio wengi, kwa sababu hoja yao iko wazi: mkopo wowote ulioshurutishwa nyongeza kwa mkopeshaji ni riba, na kubadilisha jina la karatasi hakubadilishi mkopo.

Hoja tatu ninazozisikia

Ya kwanza: "Ustadh, Serikali ni yetu, inajenga barabara na hospitali, hapo nani anadhulumiwa?" Ndugu yangu, jiulize ile nyongeza inalipwa na nani. Inalipwa kwa kodi. Anailipa muuza mitumba, anailipa mama anayenunua sabuni ya mche, watu ambao hawana hata milioni moja ya kununulia hatifungani. Wanachangishwa wasionacho ili aliyenacho aongezewe. Na Serikali inapokopa ili kulipa madeni ya zamani, mzigo unaangukia watoto ambao hawajazaliwa. Katika Suratul Baqarah, aya ya 279, aliyetubia riba anabakishiwa rasilimali yake: hatakiwi kudhulumu, naye hadhulumiwi. Dhulma ya riba mara nyingi haionekani usoni, kwa sababu anayedhulumiwa hayupo mezani mkataba unapotiwa saini.

Ya pili: "Fedha inashuka thamani. Hiyo nyongeza ni fidia tu." Ni kweli bei zinapanda, na mimi mshahara wangu wa ualimu unanikumbusha kila mwezi. Lakini asilimia inayoandikwa kwenye hatifungani haisubiri kuona bei zimepanda kiasi gani. Imekatwa kabla. Bei zisipopanda kabisa, bado italipwa. Hiyo si fidia. Na dawa ya fedha inayoshuka thamani ni kuigeuza kuwa mali au biashara, si kuikopesha kwa nyongeza.

Ya tatu: "Hii ni dharura, hakuna njia nyingine." Hoja hii ndiyo inayoniumiza, kwa sababu ni sisi walimu tuliowafanya watu waamini kuwa hakuna njia nyingine.

Mlango uliopo: sukuk

Wanazuoni na wachumi wa Kiislamu hawakuishia kukataza. Mwaka 1988 Majma'a ile ile ilikuwa imekwishaweka misingi ya hati za mudharaba, ambamo mwenye hati anakuwa mshirika badala ya mkopeshaji. Kutoka hapo zikakua hati zinazoitwa sukuk. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, inayoweka viwango vya mabenki ya Kiislamu, imeorodhesha aina 14. Nitaeleza chache ambazo zinakaribiana na maisha yetu.

Sukuk ya ijara. Watu wanachangia fedha, linanunuliwa jengo au mali nyingine, inakodishwa, na kila mwenye hati anapata fungu lake la kodi. Kwa maneno mengine, wenye hati ni wenye nyumba wengi wa nyumba moja. Hata Uingereza mwaka 2014 ilitoa sukuk ya aina hii ya pauni milioni 200 juu ya majengo ya serikali yake. Wasiokuwa Waislamu wameiona faida yake kabla baadhi yetu hatujalisikia jina.

Sukuk ya mudharaba. Mtaji wa huyu, kazi ya yule, faida wanagawana kwa mafungu waliyopatana, na hasara ya mtaji inambeba mwenye mtaji maadamu mfanyakazi hakufanya hiana wala uzembe. Ndivyo Mtume wetu (SAW) alivyosafiri na bidhaa za Bibi Khadija (RA) kwenda Sham kabla ya utume.

Sukuk ya musharaka. Wote wanatoa mtaji, faida kwa mapatano na hasara kwa kadiri ya mtaji, kama watu wanaoshirikiana basi moja.

Sukuk ya salam na ya istisnaa. Unalipia sasa mazao au kitu kitakachotengenezwa, upokee baadaye. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia tende za mwaka mmoja au miwili mbele, akawaelekeza kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane.

Sukuk ya murabaha. Bidhaa inanunuliwa kisha inauzwa kwa mkopo kwa faida inayojulikana. Hii ikishauzwa kinachobaki ni deni, kwa hiyo wanazuoni wengi hawaruhusu hati zake ziuzwe tena sokoni kwa bei ya kupanda na kushuka.

Nchini kwetu pia mlango umeanza kufunguka. Mwaka 2022 Benki ya KCB Tanzania iliuza sukuk kwa wananchi, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikazindua ya kwake kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Siku yule mama aliponiuliza, ningeweza angalau kumwambia: subiri, zipo njia, twende tukaulize pamoja.

Jina peke yake halitoshi

Lakini, ndugu msomaji, nisije nikakutoa shimo moja nikakutia jingine. Karatasi haiwi halali kwa kuitwa kwa Kiarabu.

Katika Muwatta imepokewa kisa ambacho kila mnunuzi wa sukuk angepaswa kukijua. Wakati Marwan bin al-Hakam alipokuwa gavana wa Madina, watu walipewa hati za chakula ambacho wangekipokea katika bandari ya al-Jar. Wakaanza kuuziana zile hati kabla hawajakipokea chakula chenyewe. Zaid bin Thabit (RA) na Swahaba mwingine wakamwendea Marwan wakamuuliza kwa ukali iwapo anaihalalisha riba. Marwan akatuma askari wakazikusanye zile hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Na zile hati ziliitwaje? Ziliitwa sukuk, jina hili hili. Swahaba hawakutazama jina. Walitazama kinachouzwa.

Katika zama zetu, mwaka 2007, Sheikh Muhammad Taqi Usmani wa Pakistan, ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Sharia ya AAOIFI, aliwashtua wengi aliposema kuwa sehemu kubwa ya sukuk zilizokuwa sokoni hazikutimiza masharti. Kosa aliloliona ni kuwa watoaji walikuwa wakiahidi kuinunua tena ile mali kwa bei ile ile ya mwanzo, hata kama thamani yake imeshuka. Yaani mwenye hati anaitwa mshirika lakini hasara haimgusi kamwe. Sasa huyo ana tofauti gani na mkopeshaji? Mwaka 2008 AAOIFI ikatoa maelekezo ya kurekebisha hali hiyo.

Na mwaka 2009 kampuni ya majumba ya Nakheel, ya Dubai, ilikaribia kushindwa kulipa sukuk ya mabilioni ya dola, hadi Abu Dhabi ilipoingilia kati na kutoa fedha. Hapo wengi walitanabahi kuwa neno sukuk si bima.

Maswali matatu ya kuuliza

Kwa hiyo, badala ya kukuhifadhisha majina ya hati, nakupa maswali matatu. Yaandike kwenye daftari lako, na ukiletewa hati yoyote, iwe ya Serikali au ya kampuni, ya Kiarabu au ya Kiingereza, uliza haya.

La kwanza: nimenunua nini? Kama jibu ni deni, simama hapo hapo. Kama ni fungu la mali au la biashara, omba uonyeshwe mali hiyo ni ipi.

La pili: faida yangu inatoka wapi? Inatoka katika kodi ya jengo na mauzo ya bidhaa, au inatoka katika kupita kwa siku tu?

La tatu: ikitokea hasara, nani anaibeba? Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mapato huandamana na dhima. Asiyebeba dhima ya mali hastahiki mapato yake. Ukiambiwa faida ni yako na hasara si yako kwa hali yoyote ile, ujue umerudi kwenye riba kwa mlango wa nyuma.

Majibu yako katika waraka wa matarajio, ambao hauna budi uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla hati haijauzwa kwa wananchi. Uombe, usome, na usichoelewa uliza. Tazama pia nani wamo katika bodi ya Sharia na wamesema nini. Na kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, pale unaponunua vipande, usiridhike na jina la mfuko. Uliza ndani mna nini, maana mingi imechanganya hisa na hatifungani.

Kwa aliyekwisha nunua hatifungani bila kujua, asikate tamaa. Atubie kwa Allah, rasilimali ni yake, na ile nyongeza aitoe kwa mafukara kwa nia ya kujisafisha, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Na asinunue nyingine.

Tuandikiane

La mwisho ni lile lililowaumiza watoto wale. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inazungumzia kuandikiana na kuweka mashahidi katika madeni. Jamani, hatifungani ya riba ina karatasi, muda, saini na mahali pa kudai. Mudharaba wa mama yule, ambao kwa asili yake ni halali, haukuwa na chochote katika hivyo. Shemeji yake alikosea njia, lakini alijua kuwa mali ya yatima inahitaji hati. Mimi nilijua hukumu, nikasahau hati. Kuaminiana kusiko na maandishi kumewafukarisha Waislamu wengi, kisha tunasema biashara ya halali hailipi.

Tulikwenda mimi, imamu wa msikiti na wazee wawili kwa yule ndugu wa ukoo. Hakukana deni, na hilo tunamshukuru Allah. Analipa kidogo kidogo, na safari hii kwa maandishi mbele ya mashahidi. Mpaka naandika haya zimerudi shilingi milioni 6. Mama ameziweka benki katika akaunti ya mudharaba, isiyo ya riba, akisubiri zitimie kiasi cha kununulia kitu cha maana.

Mwezi uliopita alinionyesha karatasi ya tangazo la sukuk aliyopewa benki. Nikataka kuanza kumweleza. Akanizuia kwa mkono, akatoa daftari. "Ngoja kwanza, Ustadh," akasema. "Hapa sijaona mali yenyewe ni ipi. Nimewauliza, wameniambia nirudi Jumatatu na wataniletea waraka."

Nikanyamaza. Mwanafunzi alikuwa amemtangulia mwalimu.

Ndugu zangu walimu na maimamu, tukiulizwa juu ya fedha za watu tusijibu huku tunavaa viatu. Tukae. Tukiwa hatujui, tuseme Allah ndiye ajuaye, kisha twende tukaulize na tumrudie muulizaji. Na nyinyi wenye mali, msichoke kutuuliza swali lile la pili: sasa tuziweke wapi? Ni haki yenu.

Tunamuomba Allah (SW) atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, na azihifadhi mali za mayatima wetu.

Wabillahi tawfiq.